Yah: Haki Yangu ya Kumwozesha Zuhura

Zegereni, Kibaha

Kwa Baba Mkubwa, Kisarawe.

Shikamoo.

Kwa heshima na taadhima, naomba kwanza kujua hali yako na ya goti lako, ambalo niliagana nalo likiwa limevimba. Mimi ni mzima, isipokuwa mkono wa kushoto, ambao bado haunyooki. Madhumuni ya barua hii ni kuomba uamuzi wako, wewe uliye mkubwa wa ukoo, iwapo ningali nastahili kuwa walii wa kumwozesha binti yangu Zuhura siku ya nikahi, au nimepoteza haki hiyo kama anavyotangaza mdogo wangu Salehe.

Kwa kuwa siku ya ugomvi ulikuwa umelazwa, naomba kueleza ilivyokuwa.

Hapo nyumbani Kisarawe, akina mama walikuwa wakiandaa maandazi ya wageni walioleta posa. Mkwe mtarajiwa akaniuliza ninasoma nini baada ya kazi za kiwandani. Nikamjibu kuwa wanasayansi wanaeleza kwamba ulimwengu wote, pamoja na jua na nyota, hapo mwanzo ulikuwa umebanana, wa moto kupita tanuru letu la kuyeyushia chuma, kisha ukatanuka, na hadi leo unatanuka. Nikamwonyesha beseni la unga uliokuwa ukiumuka: kila punje ya iliki huachana na nyingine, wala hakuna inayoweza kujiita katikati.

Shangazi Mwanahawa akacheka. "Makubwa! Kumbe tunaishi ndani ya andazi! Haya mwanangu, nani kalikanda?"

Kabla sijajibu, Salehe akanyanyuka. "Kafiri mkubwa wewe! Rudia mbele ya wakwe!"

Akalipiga beseni teke, akatwaa mchi, akanipiga begani, halafu kwenye kiwiko, na nilipokwisha kuanguka, mdomoni. Jino langu lilibaki ndani ya unga. Huyo nilimbeba mgongoni alipokuwa mtoto, Baba Mkubwa. Zuhura alipomshika alisukumwa, akaangukia mafiga. Wakwe waliondoka bila kunywa chai, naye Salehe akawafuata hadi barabarani: "Msijali, mtoto nitamwozesha mimi. Baba yake hana dini. Akirudi hapa namalizia."

Huku kiwandani nako si salama. Wiki iliyopita chuma chakavu chenye maji ndani kilitumbukizwa tanuruni, likalipuka. Mwenzangu Shomari alimwagikiwa chuma kilichoyeyuka kifuani, akapiga kelele, "Nizimeni! Nizimeni!" mpaka sauti ikakatika. Tulimzika kwao Dutumi. Nilipokuwa chini, masikio yakivuma, nilifikiri hivi: mlipuko huu umetoka upande mmoja, na waliokuwa upande wa pili wamekimbia. Mwanzo ule wa ulimwengu haukuwa na upande. Kila mahali palitanuka kwa pamoja, wala hapakuwa na nje ya kukimbilia. Niliogopa mno, na nilichotamka ni shahada.

Nilichosoma sitakikana ili kumridhisha Salehe. Lakini jibu la Shangazi ninalo, nalo ni lile ulilonifundisha mwenyewe katika chuo cha Kurani: aliyekanda ni Mwenyezi Mungu. Sikuachiwa mdomo wa kulisema.

Nisalimie Mama Mkubwa, aliyenifunga mkono kwa kanga yake. Shangazi aambiwe sikuchukizwa na utani wake. Zuhura aambiwe baba yake anaswali. Salehe naye unisalimie, kwa kuwa ni mdogo wangu.

Naomba uamuzi wako: nije kumwozesha mwanangu, au nisije?

Mwanao mtiifu,
Athumani