Mwita Amenyonya Umasaini

Dada Robi, shikamoo.

Miguu imevimba na jua limenimaliza, lakini hili lazima ulisikie. Leo mpakani sisi akina mama wa Kikurya tumebadilishana watoto na wenzetu wa Kimasai tuwanyonyeshe, ili wanaume waache kuuana. Mwita wangu, mnene kupita wote, alinyonya mpaka mama wa Kimasai akapiga kelele, "Huyu ni ndama!" Nikajivuna! Lakini wa kwake alikataa titi langu. Akikataa, amani hakuna. Nikamwimbia ule wimbo marehemu mumeo aliokuwa akiimba akichunga. Akanyonya, machozi yananitoka.

Waambie wanao waache kunoa mikuki ya kumlipizia baba yao. Kwa Wamasai sasa wana mdogo wao.

Nichemshie uji wa ulezi, dada, nimechoka.

Gati wako