Mkufu wa Mama Mkwe ni Bati Tupu!

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kabla sijamvunjia heshima mtu mzima. Mimi ni fundi cherehani, nimeolewa juzijuzi tu, na siku ya kunipokea mama mkwe alinivisha mkufu wa sarafu za kale, akaishika ile ya katikati akaninong'oneza, "Tunza mwanangu, hii ndiyo yenyewe," nami nikalia mpaka wanja ukanifika kidevuni, kumbe nalilia bati! Maana juzi nikiusafisha nimeona sarafu zote zina mkwaruzo uleule kwenye shavu la mfalme, palepale, utadhani paka mmoja kawaparura wote, tena sumaku yangu ya kuokotea sindano inazing'ang'ania kama kupe, isipokuwa ile ya katikati, na hiyo ndiyo mbaya kuliko zote, nyeusi, mfalme hana pua, tundu limekaa kombo, nikaikata mkufuni nikaisokomeza chini ya mguu wa meza ya cherehani uliokuwa unacheza. Mke wa shemeji yangu naye alipewa mkufu, wake unang'aa wote sawasawa, bila shaka ndiye aliyepewa wa kweli! Jumapili tunakutana kwa mama mkwe na nimeapa kuubwaga wangu mezani, mume wangu anasema nikithubutu nisirudi naye nyumbani. Niumwage mtama penye kuku wengi, au ninyamaze?

Mkaza Mwana Niliyechezewa

*

Wewe fundi, weka mkasi chini kwanza. Pole kwa machozi, hayo siyacheki. Mengine nayacheka.

Umechunguza vizuri, ukahukumu ovyo. Ni kweli, sarafu hazipatani zichakae pamoja. Zenye mkwaruzo mmoja zimetoka kwenye kalibu moja, zimeundwa ziwe pambo, na ukitazama matundu yake utaona yamenyooka, zimezaliwa nayo. Lakini ile uliyoikata? Mfalme gani angekubali atoke kiwandani katobolewa kichwa? Aliyeitoboa ni mtu, kwa msumari, baadaye. Na pua yake imeliwa na vidole vya watu miaka na miaka. Hiyo ndiyo sarafu, mama, na wewe umeitia chini ya meza!

Halafu lugha yako mwenyewe imekupita. Angekuwa anausemea mkufu angesema "huu ndio wenyewe." Alisema "hii." Alikuwa nayo moja, na wakaza wana wawili. Sasa jiulize kwa nini wa mwenzio unang'aa wote.

Leo hii inua meza, kunja karatasi uiweke badala yake. Sarafu usiisugue, si kwa majivu si kwa limau, weusi ule ndio umri wake. Mpelekee sonara aipime, maana sumaku peke yake si hakimu, kisha irudishe katikati. Jumapili uvae, na mkiwa wawili jikoni muulize mama mkwe aliipata kwa nani.

Mke wa shemeji yako akikucheka kwamba una sarafu moja mbaya, cheka naye. Usimweleze kitu. Akijua, mama wa watu ataulizwa mbele ya wanawe wote wawili kwa nini alikuchagua wewe, na jibu la hapo hata mimi sina.