Rubisi Iliyomwagwa Migombani

Bugene, Jumatano jioni

Yule askari wa boma angekwenda zake kama ningenyamaza.

Cheti cha akida ninacho: ruhusa ya kukamua rubisi, pombe yetu ya ndizi, ya kumaliza matanga ya mke wangu. Lakini kimeandikwa pombe ikae ndani ya nyumba yenye mlango. Yangu ilikuwa migombani, ndani ya mtumbwi wake, gogo lililochongwa la kukamulia, kama siku zote.

"Mzee, ingiza ndani. Nitapita kesho," askari akasema kwa upole.

Mdomo ukaniwasha. "Mwanangu, mtumbwi huu ni mrefu kuliko nyumba. Labda bwana mkubwa atuazime boma lake, lina milango mingi."

Watu wakacheka. Yeye akaupindua mtumbwi kwa mguu.

Shemeji zangu walitembea kutoka Nyakasimbi. Mkubwa wao akasema, "Shemeji, hatukunywa, kwa hiyo dada yetu hajaagwa." Wakarudi na kiu yao.

Na ndizi zilizobaki bado changa.

Zamani nikianza maneno yangu mbele ya wakubwa, mke wangu alinifinya mkono. Leo hakuwapo wa kunifinya.