Usingizi wa Akiru

Lodwar, Jumatano. Upepo tangu alfajiri, vumbi hadi ndani ya chai.

Wengi hukosea hapa: hudhani mshipa wa ubongo uliopasuka ukishazibwa, hatari imekwisha. Jirani yangu anasafiri leo kwenda Eldoret kumuuguza mama yake, aliyepasuliwa kichwa juzi. Nimemweleza habari za dada yangu Akiru, na moyo haujatulia tangu hapo.

Ilikuwa miaka ya sabini. Akiru alianguka Kakuma akichota maji kisimani, akilia kwamba kichwa kinapasuka. Ndege ya misheni ikampeleka Nairobi pamoja na mumewe, Ekal. Mimi, mwalimu, nilifuata kwa lori.

Nilipofika, upasuaji ulikuwa umekwisha. Daktari alinieleza kwamba mshipa una misuli yake: ukiguswa, au ukioga damu iliyomwagika, hujikaza hadi damu isipite. Wa Akiru ulijikaza mikononi mwa daktari huyo akiwa anaupasua. Aliacha kila kitu, akaufunika kwa pamba yenye dawa, akangoja ulegee. Siku hizi madaktari hupitisha mrija mwembamba kutoka pajani na kumimina dawa ndani ya mshipa wenyewe.

“Unaweza kujikaza tena siku zijazo,” alisema.

Haya yote, Ekal hakuyasikia. Yeye alikuwa wodini, akilinda usingizi wa mkewe.

Nyumbani kwao mbuzi alikuwa amechinjwa kwa ajili ya Akiru, na kwa mila ya ukoo wao mgonjwa aliyechinjiwa haamshwi. Muuguzi alipokuja kumpima, Ekal alimzuia.

“Sista, usimguse. Huyu anapona.”

Wodi ilikuwa imejaa. Muuguzi akaenda kwa mgonjwa mwingine.

“Amelala tangu lini?” nilimuuliza Ekal.

“Tangu asubuhi. Nyamaza, Mwalimu! Hata usingizi wa watu unataka kuusahihisha?”

Nilimwita Akiru. Alifumbua macho, akanitazama, midomo ikacheza bila neno. Mkono wa kulia ulilala tu kitandani.

Madaktari walikuja mbio: mshipa ulikuwa umejikaza tena. Walimwongezea maji ya mshipani, wakapandisha presha ili damu ilazimike kupita palipobanwa. Mguu wa kulia, nao uliokuwa umelegea, ulipata nguvu kidogo. Damu haikuwa imevuja tena. Kazi ya daktari ilikuwa imara. Ila asubuhi nzima ilikuwa imepotea.

Akiru, ambaye sauti yake ilisikika ng’ambo ya mto akiita mbuzi, alirudi Kakuma na neno moja: ejok, salamu yetu, yaani vizuri. Akisikia njaa, ejok. Akilia, ejok.

Ekal alimlisha kwa mkono wake hadi mwisho. Jioni moja aliniambia, “Mwalimu, mimi nilidhani namlinda.”

Alikuwa anamlinda kweli.

Kama una mgonjwa wa namna hii, leo mwamshe, mwambie ataje jina lake na ainue mikono yote miwili. Akishindwa, ita daktari papo hapo.