Kitambaa Chekundu kwenye Bidoni ya Bluu

Jumatatu, 7 Oktoba 2024

Watu wa maji wamepita na kipaza sauti: bomba la mtaa wetu wa Musonoi litafungwa Alhamisi, wiki nzima, labda zaidi. Labda zaidi!

Nina bidoni tatu za manjano, madumu ya lita ishirini, zote zilikuwa za mafuta ya kula. Nimezisugua kwa sabuni na maji moto, nikasuuza na javeli kidogo, dawa ya kuua vijidudu, nikajaza, nikafunga, nikaandika tarehe. Lita sitini, na tuko wawili. Kazi yangu shuleni ni majalada. Kitu kisicho na tarehe sikiamini.

Jumanne, 8 Oktoba

Tharcisse karudi na bidoni ya bluu, kubwa, nzito. Mume wangu akiona kitu cha bure hana macho tena. Kapewa na rafiki anayefanya kazi mahali wanaposafisha madini. Lebo imekwanguliwa. Ilikuwa na nini?

"Asidi kidogo tu. Minasha kuisukula na muchanga mara tatu. Iko propre, iko safi!"

Kidogo tu! Dada yangu Elise ni muuguzi, alishatufundisha parokiani: chombo kilichobeba chakula, osha utumie. Kilichobeba dawa za kiwandani, hata ukikiosha mwaka mzima, usinywee. Nimemkumbusha. Kacheka, kaijaza.

Tumeelewana: ya kufulia. Nimefunga kitambaa chekundu kwenye mshikio. Humu nyumbani mwetu chekundu maana yake usinywe.

Alhamisi, 10 Oktoba

Bomba kavu tangu alfajiri.

Tata Ntambwe, jirani wetu wa ukuta mmoja, amefariki saa nne. Mapafu. Aliingia mgodini akiwa na miaka kumi na tisa. Mkewe, Mama Marlène, halii; anafagia ua. Akimaliza anaanza tena.

Ijumaa, 11 Oktoba

Kwenye matanga kila nyumba hupeleka maji. Wiki hii maji yanapita unga kwa thamani. Wanawake wawili wamekuja kuchukua ya kwetu, Tharcisse yuko kazini.

Nikasimama jikoni mbele ya bidoni nne. Nikajiambia: wakirudi kutoka makaburini watanawa mikono, maji ya kunawa yanahitajika pia. Nikatoa ya bluu. Wakashukuru, ni kubwa kuliko zote mtaani.

Ya kunawa — nilisema moyoni. Kwa mdomo sikusema. Ningesema, wangeuliza: na ya kunywa, Mama Honorine?

Jumamosi, 12 Oktoba

Tumemzika. Watu wengi, vumbi, jua kali.

Tuliporudi nikaona bidoni zimepangwa ukutani, kumi na moja, kila moja na kitambaa chake. Kijani, kitenge, kipande cha jezi. Ni desturi, ili chombo kirudi kwa mwenyewe. Naijua! Sufuria zangu mwenyewe nimezifunga vitambaa miaka ishirini. Changu chekundu kilikuwa katikati, na kwao maana yake ni moja: hii ya Mama Honorine.

Wanachota humo kwa kikombe. Wakaniletea chai. Nikasema tumbo linanisumbua. Nikakaa saa nzima kwenye kiti cha plastiki, nikitazama watu wakinywa. Nimeona haya.

Jumapili, 13 Oktoba

Shekina yuko mlangoni. Binti wa Mama Marlène, na bidoni ya bluu, tupu.

"Maji yenu iko muzuri, mama! Iko baridi, bote banakunywa. Hata uji ya mutoto wangu nilipika nayo. Leo bandugu, famille ya Tenke, banafika. Mama anaomba mutusaidie tena."

Nimeuliza hali ya mtoto. Miezi minane. Anaharisha tangu jana, lakini Shekina anasema ni meno tu, kesho watampeleka dispansari.

Nimemwambia asubiri, natafuta mfuniko. Mfuniko ninao mkononi. Naandika nimesimama.

Jikoni bado kuna bidoni mbili za manjano, zimejaa mpaka shingoni. Naweza kuzitoa zote, nichukue ya bluu, ninyamaze. Nani atajua? Lakini dispansari watauliza mtoto alikunywa nini, na Shekina atajibu anavyojua: maji ya Mama Honorine, safi, yana tarehe.

Anaita.

"Mama! Hii kitambaa ya rouge, nifungue ao niache?"