Onja Kwanza, Mama

Mwamini mdogo wangu,

Pokea salamu za Kasongo, pamoja na udongo mwekundu ambao mvua ya asubuhi imeupaka kwenye viatu vyangu.

Leo chuo kikuu kimewafanyia sherehe wanafunzi waliotoka nchi za nje, na kila kundi limepika chakula cha kwao. Nilipita kutazama, na kwa kuwa niliwaambia wapokeaji naishi Kigoma, wakanikalisha meza ya Watanzania. Sikubisha, lakini iliniuma. Ulinituma niangalie kama huku tulikozaliwa bado tuna kwetu, nami nimeshawekwa pamoja na wageni.

Kisha Mama Feza, mpishi wa wenyeji, akatuletea sinia la wali na sombe, kisamvu chetu kilichokolea mawese. Kabla sijafikiri, mikono yangu ikalisukuma kwake. "Onja kwanza, mama."

Kijana wa Kigoma akaninong'oneza, "Babu, unamtukana!"

Mama Feza akacheka, akala tonge moja mbele yetu kuonyesha hakina sumu, kama mama yetu alivyofanya kila alipopokea mgeni. "Huyu haiko mugeni! Baba, uko mutu wa wapi?"

"Wa Wamaza, huku huku."

"Sasa unafanya nini kwa meza ya wageni? Kuja huku!"

Nikahama. Vijana wa Kigoma wakanifuata na pilau yao, lakini Mama Feza akawazuia. "Na nyinyi muonje kwanza!" Wakaonja wote, wakicheka midomo imejaa.

Goti lako lipone upesi, mdogo wangu. Huku utapewa mwiko, si kiti cha mgeni.

Kaka yako,
Ramazani