Umeshinda, Werema

Kigera, Musoma

Kaka Emanuel,

Huku tunaendelea, yule ng'ombe mweusi amezaa.

Mzee Werema, mtani wa baba, tumemzika juzi Mugeta. Unakumbuka walivyokuwaga wanabishana kila jioni: baba akiisifia timu yetu ya mwaka ule wa ubingwa, mwenzake akitetea hii ya sasa.

Kaburini watu walingoja baba amtanie marehemu, kama watani wanavyofanya. Akasogea, akasema, "Werema, umeshinda. Hawa wa sasa ni bora."

Hapo ndipo watu walipolia.

Jana tumefungwa mabao manne. Baba akazima redio, akahamia upande wa benchi aliokuwa anakaa Werema, akaanza kuwatetea wale vijana.

Uje, kaka. Hana wa kumbishia.

Dada yako,
Rhobi